Kumsindikiza Mutai

Mgahawani, Tennessee
Jumatatu, 28 Juni 2004

Mpenzi Mama Queen,

Kwa heshima na taadhima, napenda kukutangazia rasmi kwamba suruali yangu ya nyumbani, ile ya bluu iliyochakaa magotini, imeingia salama jimbo la Tennessee. Mimi nimo ndani yake. Ndala nazo zimefika, moja ikiwa imefungwa kwa waya. Ndugu, jamaa na marafiki wote wa Takoma Park wajulishwe.

Najua utauliza imekuwaje. Hata mimi nauliza. Mutai alikuja Jumamosi kutuaga, akala kidogo, akanywa chai, akasimama. Nikabeba mkoba wake kama desturi inavyotaka, nikamtoa mpaka kwenye gari. Pale mlangoni ukaninong'oneza, "Usimwache mpaka akwambie rudi." Mimi nikadhani unasema mpaka barabara kubwa. Kwenye gari akasema, "Ingia basi, nitakushusha hapo mbele." Hapo mbele tukapapita. Nikasema moyoni, labda ni darajani. Daraja likapita na mto wake chini. Alipokuwa anajaza mafuta Virginia nikakupigia kwa simu ya kulipia, ukaniambia maneno mawili tu, "Nenda naye," ukakata ukaenda kulala kabla ya zamu yako. Ndiyo nimekwenda.

Tangu hapo namsubiri atamke. Ametamka mengine. "Ona hizo milima." "Funga dirisha." "Elisante, hiyo suruali yako ni aibu kwa East Africa nzima." Lakini rudi hajasema, na kwetu msindikizaji hajirudishi mwenyewe.

Safari yenyewe unaijua. Tangu amzike mkewe Jelagat mwezi wa pili, nyumba ya Bowie ilimshinda, ameiuza, anahamia California kwa binti yake Jepkosgei. Ndege ameikataa. Anataka kupita ile barabara ya zamani ya jangwani, Route 66, ambayo yeye na Jelagat walipanga kuipita wakishastaafu wote wawili. Yeye amestaafu. Mwenzake hakungoja.

Naandika kwa sababu simu yangu iko kwenye chaji jikoni. Nani hubeba simu akimsindikiza mgeni? Na kwenye simu za kulipia Mutai husimama karibu yangu kama mlinzi wa benki. Isitoshe, wewe ukiwa zamu ya usiku na mimi basi la asubuhi, miaka yote tumeishi kwa vikaratasi vya kwenye friji. Hiki nacho kichukulie hivyo, kimebanduka tu kikaenda mbali kidogo. Shule zimefungwa, basi langu la njano limelala, hakuna mtoto atakayechelewa.

Niandikie kwa posta ya Gallup, New Mexico, nitaulizia jina langu dirishani. Tutachelewa kufika, maana anataka kupumzika Oklahoma kwa mtu wa kwao Kericho. Mwambie Queen asimfiche mama yake ripoti ya shule.

Mumeo anayeendelea kusindikiza,
Elisante


Takoma Park
Alhamisi, 1 Julai 2004

Baba Queen,

Barua hii isome peke yako, chooni ikibidi.

Nimefurahi suruali imefika. Queen nilipomsomea alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Dad is so random," yaani baba hatabiriki. Nami nimemjibu kwa Kiswahili kwamba baba yake yuko kazini, na kazi yenyewe ni kubwa kuliko anavyodhani.

Sasa sikiliza. Sikukwambia mlangoni kwa sababu Mutai alikuwa amesimama pale pale. Siku ile aliniletea sufuria la Jelagat, lile kubwa la pilau. Akaniletea koti lake la baridi, akasema nimtafutie mtu. Redio yake akampa Queen. Nikasema moyoni, sawa, anahama. Halafu akaniaga kwa mikono miwili, akasema, "Mama Queen, asanteni kwa yote." Nafanya kazi na wazee, mume wangu. Nimeona mtu anavyogawa vitu akiwa anahama, na nimeona anavyogawa akiwa hana mahali anapokwenda. Havifanani, ingawa sijui nikueleze vipi.

Jana nikamtafuta Adela aliyekuwa akiimba kwaya na Jelagat, akanipa namba ya Jepkosgei. Nimezungumza naye. Hajui kwamba baba yake anakwenda. Hajui kama nyumba imeuzwa. Anasema tangu mazishi baba yake hapokei simu, na yeye alidhani anataka kuachwa apumue.

Kwa hiyo, Baba Queen, hakuna anayemngojea huko mwisho wa barabara, na yeye anajua.

Jepkosgei alitaka kupanda ndege awafuate. Nimemwomba atulie. Mutai akiona ametegwa atageuza gari usiku na hatutamwona tena. Wewe hakushtukii. Hakuna mtu duniani anayekushtukia wewe, na hilo leo namshukuru Mungu kwalo. Cheka naye. Kula naye. Usimwulize kitu. Usimwache tu.

Nunua suruali.

Mkeo,
Vumilia


Seligman, Arizona
Alhamisi, 8 Julai 2004

Mpenzi Mama Queen,

Nimeisoma barua yako chooni kama ulivyoagiza, posta ya Gallup, mara mbili, mpaka Mutai akagonga mlango kuuliza kama nimezama.

Suruali nimenunua. Ni ya rangi ya udongo, kwa hiyo nikisimama pembeni ya barabara sionekani.

Nikueleze kwanza tunayoyaona, maana nisipoyaeleza nitakuwa mwizi. Nchi hii imepakwa rangi. Asubuhi vilima ni vyekundu, mchana vinafifia vikawa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, jioni vinageuka zambarau na huoni mtu hata mmoja wa kumwonyesha. Mimi mtoto wa Same sikuwa najua kwamba ukame unaweza kuwa mzuri. Kwetu ukame ni ukame, una vumbi na mkonge basi. Mutai, aliyekulia kwenye mvua na majani ya chai, alisimamisha gari, akatazama muda mrefu, akasema, "Hapa Mungu alimwaga rangi, akaenda kunywa chai, akasahau kurudi." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha bila kunisema mimi.

Tunapokezana usukani, ila ameanza kujuta kunipa. Hii barabara ya zamani inatembea na reli bega kwa bega, na kila mara inaikata. Sasa mimi, miguu yangu imezoea basi la shule. Nikiona reli nasimama kabisa, nashusha kioo, nasikiliza, natazama huku na huku, ndipo navuka. Mara ya kwanza akadhani nimeona nyoka.

"Kwani ni nini?"

"Reli."

"Train iko wapi?"

"Haipo."

"Sasa tunangoja nani?"

Mara ya nne akaacha kuuliza. Jana, yeye akiwa anaendesha, tulifika relini, akasimama, akashusha kioo, akasikiliza. Nikageuzia uso dirishani. Akaniambia, "Usicheke. Umeniharibu."

Sasa lile jingine. Unajua desturi yetu madereva wa basi la shule, zamu ikiisha dereva anatembea mpaka kiti cha nyuma kabisa kuhakikisha hakuna mtoto aliyelala. Jana tulipofika hapa Mutai alikwenda kuulizia chumba, nami bila kufikiri nikafungua milango ya nyuma nikaanza kukagua. Kuna sanduku moja tu. Lilikuwa limelegea kufuli, nikaliinua nilifunge vizuri, likafunguka. Mama Queen, humo ndani ni nguo za Jelagat. Vitenge vyake, sare zake za unesi, sweta lile la kijani la kanisani. Zimekunjwa vizuri kuliko dukani. Za kwake yeye hazimo, hata shati moja. Anazovaa ni za kwenye mkoba mdogo ninaoubeba, na huo ni mwepesi kama wa mtu anayekwenda kulala nje siku mbili.

Nimelifunga. Hajui nimeona.

Kesho tunapita milimani, kuna kijiji ambako wanasema punda wanatembea barabarani wanavyotaka na magari ndiyo yanayowapisha. Kisha tunashuka Needles, mpakani mwa California, na baada ya hapo ni jangwa tupu. Ninachoogopa ni lile neno. Akisema rudi nifanye nini? Mgeni akishasema rudi unamkabidhi mzigo wake, unashukuru, unageuka. Ukiendelea kumfuata umemwambia wazi kwamba humwamini. Na mtu kama Mutai ukimwambia hivyo, utakuwa umempoteza mara mbili.

Tuombee. Na samahani kwa kukuandikia mambo mazito nikiwa na suruali mpya.

Mumeo,
Elisante


Needles, California
Jumapili, 11 Julai 2004

Mama Queen, shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka hapa Needles, mahali ambapo jua imekaa chini kabisa karibu na watu. Usishtuke ukiona mwandiko wangu. Mzee wako yuko hai. Ni mgonjwa tu kidogo, ndio maana naandika kwa niaba yake.

Juzi tulifika hapa salama. Nikaona nimemsumbua vya kutosha, nikamwambia arudi nyumbani kwa familia. Nilimpeleka mwenyewe mpaka steji ya basi. Kufika hapo akashika tumbo, akajikunja kwa kiti akaanza kulia kwa Kipare. Mimi Kipare sijui lakini hiyo ilikuwa wazi. Sasa mtu kama huyo utamweka kwa basi aje afie njiani? Nimechukua chumba, nimempa kitanda cha karibu na dirisha.

Ugonjwa yenyewe sielewi. Asubuhi inauma upande wa kulia, jioni imehamia kushoto. Kwenda kwa daktari amekataa. Mambo ya wagonjwa ni Jelagat alikuwa anajua, mimi nilikuwa mtu wa hesabu za serikali, nilikuwa nangoja tu chakula iwe tayari. Lakini nimejaribu. Nimenunua unga, nimepika uji kwa ile jiko ndogo ya gesi. Ilikuwa na madonge. Amekunywa yote na akalamba kijiko, sasa sijui ni ugonjwa ama ni nini.

Hawezi kuachwa peke yake. Anaamka anaamka akitafuta niko wapi. Kwa hivyo nimesimamisha safari mpaka apone. Wewe usiwe na wasiwasi, ila uniandikie huyu mtu hula nini akiwa mgonjwa, maana nikimuuliza anasema nyama.

Ni mimi,
Mutai


Takoma Park
Jumatano, 14 Julai 2004

Kwa Shemeji Mutai,
kwa anwani ya Jepkosgei, San Bernardino, California

Shemeji yangu,

Nimepata barua yako. Unaona nimeijibu kwa anwani ya Jepkosgei, si hapo Needles. Nimefanya makusudi. Ukiwa unaisoma, basi umefika kwa mwanao. Na kama hukufika, sikutaka isomwe na mtu mwingine yeyote.

Ulipotuaga ulisema asanteni kwa yote. Sikukujibu, utakuwa uliona. Sikujibu kwa sababu sikuipenda ile asante, ilikuwa imefungwa mlango. Sasa hii ni yangu, nayo haina kuaga ndani yake.

Asante kwa majira yale ya baridi tulipofika Marekani na hatujui hata kuwasha hita, ukatoka Bowie na theluji yote ile ukaja kutuwashia. Asante kwa Jelagat aliyenifundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa kanisa, nikagonga pipa la taka nikalia, akashuka akaligonga na yeye kwa mguu, akasema, "Haya, sote tumeligonga." Asante kwamba Queen alipozaliwa mlikaa nami mpaka Elisante akatoka kazini, na wewe ndiye uliyemshika wa kwanza, ukawa unamwongelea Kikipsigis kwa sababu ulisema mtoto mchanga hachagui. Watu waliofanya hayo hawawezi kuondoka kwa sentensi moja mlangoni.

Sufuria sijampa mtu. Napikia. Koti linakungoja kabatini, na kama huko hakuna baridi basi utakuja kulivaa huku Krismasi.

Kuhusu tumbo la mume wangu, mimi nimeishi nalo. Limewahi kula maandazi yaliyosahauliwa ndani ya basi tangu Ijumaa mpaka Jumatatu, halikusema neno. Kwa hiyo sikupi ushauri wa chakula. Mpe chochote unachopenda kupika, na upike sana.

Shemeji yako,
Vumilia


San Bernardino
Jumapili, 18 Julai 2004

Mpenzi Mama Queen,

Tumefika. Mutai yuko nje na Jepkosgei wanabishana namna ya kumwagilia mlimau, wote wawili hawajui. Barua yako ilifika jana. Aliisoma, akatoka, akakaa ndani ya gari peke yake muda mrefu. Nikachungulia dirishani mpaka Jepkosgei akanivuta shati, "Uncle, please, muache." Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniambia, "Mke wako anaandika vizuri kukushinda." Nikakubali.

Kesho napanda basi kurudi. Lakini kabla ya hapo nikueleze ya Needles kama yalivyotokea, maana Jepkosgei ameshaanza kunipakulia vipande vikubwa vya nyama na kuniita mtu wa ajabu, na naona nimeanza kuzoea.

Sikuumwa tumbo.

Ijumaa ile aliegesha kwenye kituo cha basi, akazima injini, akasema kwa upole kabisa, "Elisante, sasa rudi. Umenisindikiza vya kutosha." Neno nililolingoja tangu Virginia, nikatamani ningekuwa kiziwi. Kumkatalia sikuweza. Kumwambia nimeliona sanduku sikuweza. Kitu pekee kilichokuwa changu mle garini kilikuwa ni tumbo, nikalishika.

Mimi si mwigizaji, Mama Queen. Nilianza kuugulia kulia, nikasahau, nikamalizia kushoto. Lakini alinilaza, akakaa kitini akinitazama, na siku ya kwanza ikapita.

Siku ya pili asubuhi aliniambia, "Saa sita nitakupikia uji." Nikasinzia. Kuamka, hayupo. Kutoka nje, gari halipo. Sanduku lilikuwa ndani ya gari.

Nilikimbia. Mimi huyu, ambaye watoto wa shule huniita Bwana Kobe. Peku, juu ya lami ya Needles saa tano mchana, na fulana ya kulalia. Sikuwa naita jina lake, sikuwa na pumzi hiyo. Nilikuwa nasema tu "Bwana Yesu, Bwana Yesu," na hapo sikuwa naigiza. Sikujua nakimbilia wapi. Barabara ilikuwa moja, nikaifuata.

Gari nikaliona mbele ya duka la vyakula. Ndani, Mutai amesimama na mifuko miwili ya unga wa mahindi, mmoja mkono huu, mmoja mkono huu, anamsumbua mama wa dukani. Akageuka. Mgonjwa wake mahututi amesimama mlangoni anahema kama mbwa. Akanitazama miguu, akanitazama uso.

"Mgonjwa," akasema, "wewe unapenda ya njano ama nyeupe?"

"Nyeupe."

"Haya, shika."

Kwenye gari hakuwasha injini. Alisema bila kunitazama, "Tangu jana nilijua. Jelagat alikuwa nesi, mimi nimesikia habari za wagonjwa kila jioni maisha yangu yote. Mtu wa tumbo haombi pilipili." Kisha akasema, "Leo nilikuwa nimetoka niende. Nilifika mpaka pale hii barabara ya zamani inaingia jangwani. Nikasimama kwa reli, si umeniharibu, nikashusha kioo, nikasikiliza. Halafu nikakumbuka nimekuahidi uji saa sita na hatuna unga."

Sikumwuliza alikuwa anakwenda wapi. Alijua najua. Tulikaa pale, mifuko ya unga magotini mwangu, miguu inaniwaka moto, na yeye akalia kama mtu anayekohoa. Nilimshika bega. Nilimwambia tu kwamba kweli nina njaa.

Akashuka akaenda kwenye simu iliyokuwa nje ya duka, akampigia Jepkosgei. Waliongea Kikipsigis, mimi nikaambulia jina la Jelagat tu, mara nyingi. Jioni akapika ule uji. Kesho yake akakuandikia barua bado akiniita mgonjwa, na mimi nikaendelea kulala kitandani siku mbili zaidi, kwa sababu niliona mikono yake inajua la kufanya nikiwa nimelala. Jumatano Jepkosgei alitufuata hapo hapo Needles na gari lake. Baba na binti walifungua sanduku kitandani wakatoa nguo moja moja. Nikatoka nikawaachia chumba.

Basi wakikuuliza kanisani, usiwaambie mume wako alimwokoa mtu jangwani. Aliyeona mapema ni wewe. Mimi nilibeba mkoba, nikadanganya, nikalala. Yeye aligeuza gari mwenyewe, kwa sababu alidhani kuna mtu anayemngojea ana njaa. Na kusema kweli, nilikuwa nayo.

Nakushukuru sana, mke wangu.

Elisante